Uzi: Kati ya jicho na mdomo, tunayoyathamini yanaingilia wapi?

#1 Kizingiti

Wakuu, ile kauli ya "kila mtu ana ukweli wake" imeshachosha. Inafunga mjadala palepale ulipotakiwa kuanza. Watu wawili wanatazama tukio moja, wanatoka na habari mbili. Sawa, hilo tunalijua. Swali la kifundi ni hili: yale mtu anayoyathamini yaliingilia wapi hasa? Kwenye jicho, kwenye uamuzi, kwenye jina alilolipa tukio, au kwenye kumbukumbu alipoulizwa baadaye? Tiba ya kila moja ni tofauti, na wengi wanatibu jicho wakati mgonjwa ni mdomo.

Nianze na jicho, maana ndilo lenye vioja. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira wa kikapu, wakawaambia wahesabu pasi za waliovaa nyeupe. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila anaingia, anajipiga kifua, anatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Ukidhani ni uzembe wa watu wasio na ujuzi, mwaka 2013 jaribio la aina hiyo lilifanywa kwa madaktari 24 wa radiolojia. Walipewa picha za CT za mapafu watafute vinundu, na ndani yake ikapachikwa picha ya gorila yenye ukubwa mara 48 ya kinundu cha wastani. Madaktari 20 hawakuiona. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kuwa 12 kati ya hao 20 macho yao yalitua palepale penye gorila.

Mwanga ulifika, jicho lilifanya kazi yake. Ila kilichopewa thamani saa hiyo ni kinundu, na kila kisichofanana na kinundu kikatupwa kwenye fungu la "visivyohusika" kabla mwenyewe hajapata habari. Kumwambia mtu wa namna hii "kuwa makini zaidi" ni kazi bure: alikuwa makini, ndiyo maana hakuona. Kinachosaidia ni mtazamaji wa pili mwenye orodha nyingine ya kutafuta, au asiye na orodha kabisa, na wasikae meza moja.

#2 Mnyambuliko

Mada nzuri. Ila kabla hatujaenda mbali, neno lenyewe linatutega. Tunasema "thamani"? Hapo msikilizaji anawaza bei. "Maadili"? Hilo limeshatoa hukumu: mtu asiye na maadili kwa Kiswahili ni mtu mbaya, si mtu anayethamini vitu tofauti na vyako. Jaribu kusema "maadili ya wezi" uone watu wanavyocheka. "Tunu" ni zuri, lakini linabeba harufu ya zawadi na kitu adimu, na siku hizi limehamia kwenye hotuba.

Napendekeza tubaki na kitenzi: *anachokithamini*, *anachokiogopa kukipoteza*. Kitenzi kinadai mtenda na mtendwa, nomino inaruhusu ukungu.

#3 Popo_Mchana

Kizingiti, uamuzi una tofauti gani na jicho? Mtu akisema ameona, si ameona?

#4 Kizingiti

Tofauti ipo, na inapimika. Chukua wakaguzi wawili wa picha za vyuma. Kila mmoja anapitia picha 200: 100 zina ufa, 100 hazina.

Mkaguzi A anasema "upo" kwenye picha 90 zenye ufa, na pia kwenye 30 zisizo nao.
Mkaguzi B anasema "upo" kwenye 70 zenye ufa, na kwenye 10 zisizo nao.

Wengi watasema A ana jicho kali, au kwamba B ndiye makini. Badilisha kila uwiano (0.90 na 0.30 kwa A, 0.70 na 0.10 kwa B) kuwa alama z, yaani umbali wake kutoka katikati ya mgawanyo wa kawaida (jedwali lolote la mgawanyo huo linatosha), kisha toa ya pili kwenye ya kwanza:

A: 1.28 − (−0.52) = 1.80
B: 0.52 − (−1.28) = 1.80

Uwezo wa kutofautisha ufa na kisicho ufa ni uleule. Sasa chukua wastani wa zile alama mbili, ugeuze ishara: A anapata −0.38, B anapata +0.38. Hicho ndicho kizingiti: kiasi cha ushahidi mtu anachodai kabla ya kusema "upo". A anaogopa kukosa ufa, B anaogopa kupiga kengele ya uongo. Wakikaa kubishana nani anaona vizuri hawatamaliza. Cha kubishania ni gharama. Ufa uliopita bila kuonekana unagharimu nini, na chuma kizima kilichotupwa kinagharimu nini?

Tahadhari mbili. Mtu akipata 100 kati ya 100, au 0, alama z haipatikani. Zoea kuongeza 0.5 kwenye hesabu ya majibu ya "upo" na 1 kwenye jumla, kwa pande zote mbili, kabla ya kugawanya. Pili, hesabu yote hii inahitaji mtu anayejua ufa uko wapi kwa njia nyingine, mfano kukata chuma chenyewe. Bila hiyo huna unachopima.

Tena kizingiti husogea hata pasipo itikadi. Mwaka 2005 Jeremy Wolfe na wenzake walionyesha kuwa kitu kinachotafutwa kikiwemo kwenye nusu ya picha, watu hukikosa karibu asilimia 7. Kikiwemo kwenye asilimia 1 tu ya picha, hukikosa karibu asilimia 30. Kwa hiyo kabla ya kumshuku mtu kwa anachokiamini, uliza kwanza kitu hicho ni adimu kiasi gani.

#5 Mkanushi

Naomba kutofautiana kidogo, kwa sababu najua uzi huu utaelekea wapi: mtu atakuja na "sayansi imethibitisha kwamba maskini huona sarafu kubwa kuliko tajiri". Hilo ni jaribio la Jerome Bruner na Cecile Goodman la 1947, watoto wa miaka 10 wakirekebisha duara la mwanga lilingane na sarafu. Waliolirudia baadaye walipata matokeo yanayopingana. Msilibebe kama msingi wa nyumba.

Mwaka 2016 Chaz Firestone na Brian Scholl walipitia mlima wa tafiti zinazodai kuwa tamaa au imani hubadilisha kuona kwenyewe, wakaonyesha makosa yanayojirudia. Ninalolipenda zaidi linatokana na mchoraji El Greco. Watu walisema alichora miili mirefu kwa sababu macho yake yalirefusha kila kitu. Fikiri: kama macho yalirefusha kila kitu, yangerefusha na turubai aliyokuwa akiitazama. Upotofu ungejifuta, na picha ingetoka ya kawaida.

Geuza hiyo kuwa kipimo. Kuna dai kwamba ukimkumbusha mtu dhambi zake, chumba kinaonekana na giza zaidi. Wakaja hawa wawili na jaribio la 2014: badala ya kuwataka watu wataje mwanga kwa namba, waliwapa vipande vya rangi ya kijivu wachague kinacholingana na mwanga wa chumba. Kama kweli macho yanaona giza, na vipande navyo vitaonekana na giza, na tofauti ipotee. Haikupotea. Maana yake kilichokuwa kikibadilika ni jibu, si mwonekano.

Kwa hiyo kwenye mpangilio wa Kizingiti, mimi nafunga mlango mmoja: nuru inavyoingia haijali unachokithamini. Pa kutua jicho, kizingiti, jina na kumbukumbu, hayo nakubali.

#6 Kizingiti

> nuru inavyoingia haijali unachokithamini

Nakubali, mkuu. Ndiyo maana niliuliza "wapi hasa".

#7 Mnyambuliko

Basi tuingie kwenye jina, huko ndiko nyumbani kwangu.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali viambishi: -eusi, -eupe, -ekundu. Gari jekundu, vitabu vyekundu, nguo nyekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziazima kutoka kwenye vitu: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo, zambarau ni tunda, samawati ni mbingu. Hatusemi "gari jekijani". Brent Berlin na Paul Kay mwaka 1969 walidai kuwa lugha zenye majina matatu ya msingi ya rangi huwa na haya: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Utatu wetu wa vivumishi unaangukia palepale.

Je, ina maana msemaji wa Kiswahili haoni kijani? Upuuzi. Anatofautisha embe bichi na bivu kama mtu yeyote. Lakini msijibu haraka kwamba jina halina athari, kwa sababu kuna jaribio safi la 2007 kwa Warusi. Kirusi hakina neno moja la buluu. Kuna *siniy* ya kukoza na *goluboy* ya kupauka, na msemaji analazimika kuchagua. Walionyeshwa vipande vitatu vya buluu, wataje upesi kipi kati ya viwili vya chini kinafanana na cha juu. Vikiwa pande mbili tofauti za mpaka wa maneno, Warusi walijibu haraka zaidi kuliko vikiwa upande mmoja. Wasemaji wa Kiingereza hawakupata nafuu hiyo.

Sasa utamu: walipowapa Warusi mfuatano wa tarakimu 8 wa kukariri kimoyomoyo wakati wakifanya kazi hiyo, nafuu ikapotea. Walipowapa mchoro wa kukumbuka badala ya tarakimu, nafuu ikabaki. Yaani neno halikuwa limechonga jicho tangu utotoni. Lilikuwa kazini dakika ileile, likinong'ona pembeni, na ukilishughulisha na kazi nyingine linanyamaza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo bora kuliko vyote cha kujua kama lugha inahusika: ishughulishe lugha, uone kama tofauti inakufa.

#8 Popo_Mchana

Mnyambuliko, sisi mbona tunasema "naona njaa", "naona aibu", "nasikia harufu", "nasikia baridi"? Hatutofautishi?

#9 Mnyambuliko

Tunatofautisha vizuri sana, ila si kwenye kitenzi. *Kuona* na *kusikia* kwetu vimepanuka kuwa "kupata habari kupitia mwili". Nomino inayofuata ndiyo inayosema ni mlango gani. Hakuna anayesikia harufu kwa sikio. Kosa la wageni wengi wa lugha ni kuhesabu maneno badala ya kuhesabu sentensi.

#10 Mtunza_Shamba

Niongeze maneno mawili ya kazi, maana hapo ndipo watu huumia.

La kwanza ni gugu. Hakuna mmea unaoitwa gugu kwenye botania. Hindi lililojiotea katikati ya maharage ni gugu. Maharage yakijiotea kwenye mahindi ni bahati. Jina linataja anachokitaka mwenye shamba, lakini limevaa sura ya aina ya mmea. Ndiyo maana maelekezo ya "ng'oa magugu yote" huharibu: mpaliliaji mgeni hajui lipi linathaminiwa. Maelekezo yanayofaa hutaja mmea wa kubaki, nafasi kati ya shina na shina, na wiki ya kupalilia.

La pili ni dawa. Pakiti moja, unga mmoja, mmoja anaiita dawa ya panya, mwingine sumu ya panya. "Dawa" inatazama faida ya mwenye nyumba, "sumu" inatazama kinachompata panya. Na ukishasema dawa, mkono unalegea: inawekwa rafu moja na za homa, inahamishiwa kwenye chupa ya soda, inakorogwa bila glavu. Benjamin Lee Whorf, ambaye mkate wake ulikuwa ukaguzi wa majanga ya moto kwa kampuni ya bima, aliliona hilo kwenye mapipa ya petroli. Yaliyojaa watu waliyaogopa. "Matupu" walivuta sigara karibu nayo, na kumbe yamejaa mvuke unaolipuka vibaya zaidi. Neno lilisema kweli kuhusu kimiminika, likanyamaza kuhusu gesi.

Kwenye lebo, andika kitendo na mwili: "Unga huu unaua. Ukimezwa na mtu, unaua vilevile." Achana na maneno "dawa" na "sumu" kabisa.

#11 Mkanushi

Kumbukumbu imeachwa. Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974: watu walitazama filamu ya ajali, wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani *yalipogusana* au *yalipopondana*. Kwa kitenzi kilaini, wastani ulikuwa maili 31.8 kwa saa. Kwa kile kikali, zaidi ya 40. Filamu ni ileile. Katika jaribio la pili wakarudishwa baada ya wiki na kuulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika: waliosikia kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema ndiyo, waliosikia "yalipogongana" ya kawaida, 7 kati ya 50. Kioo hakikuwepo.

Anayehoji mashahidi aanze na "eleza kilichotokea", akae kimya, aandike vitenzi vya shahidi mwenyewe, na maswali yafuatayo yatumie vitenzi hivyohivyo. Akileta kitenzi chake, anakuwa ameshatoa ushahidi.

#12 Mnyambuliko

Na Kiswahili kina mtego wake kwenye hilo, ambao hauzungumzwi vya kutosha. Tazama ngazi hizi:

*Alivunja glasi.*
*Glasi ilivunjwa na fulani.*
*Glasi ilivunjwa.*
*Glasi ilivunjika.*

Ya tatu imemficha mtenda, lakini bado unaweza kuuliza "na nani?" Ya nne imemfuta. "Ilivunjika na nani?" haisemeki. Hii ya nne, kauli ya kutendeka, ni halali kabisa pale glasi ilipoanguka yenyewe. Tatizo ni pale *fedha zimetumika*, *makosa yamefanyika*, *uamuzi umebadilika*. Caitlin Fausey na Lera Boroditsky mwaka 2011 walilinganisha wasemaji wa Kiingereza na Kihispania: kwa matukio ya bahati mbaya, Wahispania hutumia zaidi muundo usiotaja mtenda, na walimkumbuka kwa shida zaidi aliyehusika. Kwa matukio ya makusudi hapakuwa na tofauti.

Kipimo cha mezani: chukua ripoti, pigia mstari kila kitenzi chenye -ik- au -ek- ya kutendeka, jaribu kuweka "na nani" mbele yake. Kikikataa, kiandike upya kwa kauli ya kutenda. Usipoweza kujaza mtenda, andika wazi kwamba aliyefanya hajajulikana. Hiyo nayo ni habari.

#13 Hakiki2

Kwa wanaosimamia majukwaa au kuchambua maandishi: usiamini makubaliano ya asilimia. Watu wawili wanapitia maoni 100 wakiweka alama ya "matusi". Kila mmoja ameona matusi 10. Wamekubaliana kwenye 86. Bosi anafurahi.

Fungua jedwali: wote wawili "matusi" 3, wote wawili "si matusi" 83, mmoja ndiyo mwingine hapana 7 na 7. Kwa bahati tu, watu wanaotumia alama hiyo mara 10 kwa 100 wangekubaliana 0.1 × 0.1 + 0.9 × 0.9 = 0.82. Kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa yale ya bahati, ni (0.86 − 0.82) ÷ (1 − 0.82) = 0.22. Duni. Kati ya maoni 17 ambayo angalau mmoja aliyaona matusi, wameafikiana 3.

Hapo msikimbilie kumfundisha "anayekosea". Chukueni yale 14, kila mmoja aandike bila neno *matusi* ni kitu gani kilimgusa. Mara nyingi inatoka kwamba mmoja anapima maneno yenyewe na mwingine anapima aliyelengwa. Gaweni alama kuwa mbili, rudieni na maoni mapya 100, si yaleyale, maana yaleyale mmeshayazungumza.

#14 Popo_Mchana

Na vile ambavyo havina neno kabisa?

#15 Mkanushi

Vipo, na wakati mwingine neno linaviharibu. Jonathan Schooler na Tonya Engstler-Schooler, 1990: waliotakiwa kueleza kwa maneno sura ya mtu waliyemwona walimtambua vibaya zaidi baadaye kuliko wasioeleza. Jaribio lilirudiwa na maabara nyingi mwaka 2014, athari ikaonekana, ila nguvu yake inategemea sana maelezo yametolewa lini. Sura tunaishika kwa mkupuo, maneno yanaikata vipande: pua, nyusi, kidevu.

Lakini usikimbilie kusema "hakiwezi kuelezeka". Harufu ilikuwa mfano mkuu wa kitu kisicho na maneno, mpaka Asifa Majid na Niclas Burenhult walipoonyesha mwaka 2014 kuwa Wajahai wa Malaysia wanataja harufu kwa wepesi uleule wa rangi. Ukomo ulikuwa wa lugha fulani, si wa lugha.

#16 Kizingiti

Maumivu yako katikati ya hayo mawili. Ile namba ya 0 hadi 10 inafaa kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, jana 7 leo 4. Kulinganisha 7 yangu na 7 yako ni upuuzi. Ronald Melzack mwaka 1975 aliunda dodoso lenye maneno 78 ya maumivu, kwa sababu *namna* inasema zaidi kuliko *kiasi*. Kiswahili hapa ni tajiri: tumbo linasokota, jipu linapwita, kidonda kinachoma, kichwa kinagonga. Anayechukua maelezo asiyageuze yote kuwa "anaumwa".

#17 Mtunza_Shamba

Tufanye zoezi. Sentensi hii, ivueni nguo: "Vijana wahuni walivamia ardhi tupu na kuharibu mazao."

#18 Kizingiti

*Wahuni* ni hukumu, itoke. *Walivamia*: waliingia, kwa mlango au kwa kuvunja uzio, saa ngapi? *Kuharibu*: walikata, walikanyaga au walichoma, mashina mangapi? Na *tupu* inajikana yenyewe, maana kama ilikuwa tupu, mazao yalitoka wapi? Mwandishi anahesabu mazao pale anapotaka hasara, hayahesabu pale anapotaka ardhi isiyo na mwenyewe. Inabaki: "Vijana waliingia kwenye ardhi yenye mazao na kukata mashina," na nafasi za kujaza idadi na saa.

#19 Mnyambuliko

"Vijana" umeliacha. Wana miaka mingapi?